Dirisha la Magauni

Nilidhani unapenda magauni.
Kila tukipanda kilima cha kwenda sokoni,
Sheffield, Januari, upepo unachuna masikio,
unasimama mbele ya duka la maharusi,
mikono mfukoni, macho kwenye shela,
kama baba mwenye binti wa kuozesha.
Hatuna binti, Shaweji.
Tuna wavulana wawili na deni la boila.

"Natazama tu," ukasema.
Wiki ya pili ukatazama viatu vya watoto.
Wiki ya tatu ukuta mtupu,
ukasema ukuta una rangi nzuri.

Sikujua kwamba kifuani mwako mkono ulikuwa unakamua
kama ukamuavyo tui la kwanza,
bila huruma, mpaka chicha ikauke.

Daktari Hargreaves alichora nyuma ya bahasha:
moyo, ukubwa wa ngumi yako,
na juu ya ngumi mishipa miwili
isiyofika unene wa kalamu aliyoshika.
Nikawa nakutafsiria, ingawa ulisikia vizuri;
nilitaka maneno yapite kwangu kwanza.

Moyo, alisema, umejaa damu na hauinywi.
Inapita tu ndani yake, ya wengine.
Nikamwona mpishi wa shughuli
amepakulia ukumbi mzima,
naye anangoja sahani yake mlango wa nyuma.
Mishipa hii ndiyo sahani.
Inachipuka pale pale damu inapotokea,
kabla ya ubongo, kabla ya figo:
moyo ndio wa kwanza kugawiwa.
Lakini (hapa aliinua kalamu)
ukijikaza kupiga, unajibana koo mwenyewe.
Sehemu kubwa ya mlo wake huingia
ukiwa umelegea, kati ya pigo na pigo.
Ukikimbizwa, kazi inazidi
na muda wa kula unafupika.

Nikakutazama.
Usiku kiwanda cha mikate, asubuhi kuosha magari,
Jumapili kumbebea Bwana Ridley makabati yake.
Paa la mama. Ada ya mtoto wa Mwanaidi.
Unakula umesimama, sigara mkono wa pili.

"Kinachoziba ni nini?" Ndilo swali lako pekee.

Si ukoko juu ya sufuria, alisema.
Mafuta yanajipenyeza ndani ya ukuta wenyewe,
ukuta unavimba, njia inabaki uzi.
Moshi unaukwaruza, presha inaupiga,
sukari, miaka, damu ya ukoo.
Haba na haba, nikawaza,
na methali ya bibi ikanichacha mdomoni.
Halafu siku moja uvimbe unapasuka,
na damu, kwa nia njema kabisa,
inakimbilia kuganda
kama inavyogandia kidole kilichokatwa.
Inatibu kidonda, inafunga mlango.
Nyama iliyo nyuma ya mlango ina saa chache.

Kwako mlango ulikuwa haujafungwa.
Waliingilia kwenye kifundo cha mkono,
wakamwaga dawa, na picha niliyoonyeshwa baadaye
ilikuwa mti wa huku, mti wa Januari,
matawi meusi bila jani,
na tawi moja lililonyongwa katikati.
Wakapitisha kiputo, wakaacha stenti,
kidude mfano wa springi ya kalamu.
Picha ya pili: tawi lilelile, mpaka ncha.

Sigara uliitupa. Zamu ya asubuhi uliiacha
baada ya mimi kuficha viatu vyako mara mbili.
Mwanaidi alinuna, kisha akauza mbuzi.

Jana tumepanda kilima.
Dukani kwa maharusi ukasimama.
Nikakushika mkono: "Inauma?"
"Hapana."
"Usinifiche."
"Haiumi. Ile ya mikono mirefu,
ile pale, ingekukaa."
Tulioana mimi na koti la kuazima,
ofisini, saa nne, mvua.

Sikukuvuta. Nikaacha usimame
muda wote uliotaka.
Gauni lilikuwa na bei.
Tukaisoma, tukacheka, tukaendelea kupanda.